Historia ya Bwana Mita, Aliyerudi Kwenye Mbao Zake

Ndugu waombolezaji, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya kaka yangu, niliyemfuata kuzaliwa, nimeyaandika mwenyewe, na kwa kuwa kuandika nimejifundisha kwa kuokota magazeti, mkiona sentensi imepinda iacheni ipinde, ilimradi ni ya kweli.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Aprili 1958, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha sekondari miaka minne, akafaulu hesabu na kufeli kuimba. Tarehe 1 Julai 1979 aliajiriwa idara ya maji kuwa msoma mita, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2018, akitembea mtaa kwa mtaa na daftari kwapani, mbwa wote wakimjua, na huko ndiko alikolipata jina la Bwana Mita.

Tarehe 17 Desemba 1984 alifunga ndoa na shemeji yangu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa watoto watatu, wasichana wawili na mvulana, na wajukuu watano.

Nje ya kazi alipenda mbao. Hakufundishwa na mtu, alifundishwa na jarida la useremala lililoanza kumfikia kwa posta Januari 1990, kila mwezi, na kila lilipofika shemeji aliita kutoka jikoni, "Baba, mke mwenzangu kafika, njoo umpokee!" naye alilipokea kweli, akalisoma hadi matangazo, akatengeneza rafu, visanduku na fremu za picha, vyote vimo mle ndani na hakuna kinachoyumba.

Mwaka 2020 alianza kuyaacha majarida ndani ya bahasha zake. Nilipomuuliza alisema, "Meza ni ile ile, wamebadilisha rangi tu, na mashine wanayoisifia ni kubwa kuliko sebule yangu." Shemeji akacheka, akasema mwenzake kaachika bila talaka. Mimi sikucheka, niliona bahasha zimerundikana, randa imeota vumbi, kaka anashinda barazani akitazama ukuta, nikaamua bila kumuuliza kwamba mbao zimemtoka moyoni, na kwa hasira zangu mnazozijua, tarehe 5 Februari 2022 nikabeba randa, patasi na misumeno yote nikampa fundi wa karakana ya sokoni. Kaka alinitazama nikipakia. Hapo nilikosea, kuchoka jarida si kuchoka mbao, lakini mtu mwenye haraka husoma jalada tu.

Oktoba 2024 alimwona mkewe akiosha vyombo, amekalia ndoo iliyofudikizwa, kama alivyokaa miaka arobaini huku nyumba ikijaa visanduku vya kwenye jarida. Akachukua penseli na kamba, akaanza kumpima goti, shemeji akashtuka, "We mzee, unanipima jeneza?" naye akajibu, "Kigoda. Tulia nisikosee." Hakufungua jarida hata moja. Mimi alinitumia ujumbe wa maneno mawili, "Randa yangu." Fundi alirudisha patasi mbili na msumeno mmoja, randa ilikwisha kupasuka, nikanunua mpya, akaigeuzageuza, akasema, "Haijanizoea, lakini na mimi nimezeeka, tutavumiliana." Miezi ile alipiga mluzi kutwa, nyusi zimejaa unga wa mbao, nami nilikuwa nikihesabu miaka ile niliyomwacha mikono mitupu, wakati moyo wake bado una nguvu.

Januari 2025 moyo ulianza kushindwa kazi, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Nilimshikia mbao akikata, nikamfokea apumzike, akasema, "Shika mbao, kelele utapiga baadaye." Tarehe 24 Februari alilazwa wodi namba nne, kigoda kikiwa na miguu mitatu, akanielekeza kutoka kitandani namna ya kuuingiza wa nne, taratibu, kwa kugonga na kipande cha mbao, si nyundo. Nikaenda, mguu ukakaza, nikakasirika, nikapiga nyundo, mguu ukapasuka, na ubao wa kukalia ukafuata.

Jumatano tarehe 12 Machi aliniuliza, "Umeingia?" Mimi ninayejisifu kwa kusema ukweli nikamjibu, "Umeingia, kaka, kimetulia." Akafumba macho. Kesho yake saa nne asubuhi akafariki, akiwa na miaka sitini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani ambao hawakutuacha peke yetu hata siku moja, na wenzake wa idara ya maji waliokuja na sare zao. Shemeji aliniomba jana habari ya kigoda nisiisome, alisema, "Mwache aende nacho kikiwa kizima," nikamwitikia, na nimeshindwa, maana sijui namna nyingine ya kumuaga. Kaka, mguu haukuingia. Nisamehe, upumzike kwa amani.