Picha Yenye Ukungu

Basi la Ruziba lilikuwa limejaa. Mbele ya Hiba, mama mmoja alimweleza kijana aliyeketi kando yake, fundi wa kompyuta, kwamba jana, kwenye duka la intaneti la Rohero, alikuwa ameona picha ya wakimbizi walioko Tanzania.

"Mmoja ni mutoto wangu, Maxime. Lakini sura iko na ukungu."

"Uliivuta ikuwe kubwa, mama?"

"Sana."

"Ndiyo maana. Picha ndogo ukiivuta inaharibika. Irudishe kwa kipimo chake, ungoje imalize kufunguka. Sura itatakata."

"Apana. Ile niliona inanitosha."

"Na kama si yeye?"

"Miaka saba nimekosa hata huo ukungu, mwanangu."

"Bora kujua, mama."

Hiba alikuwa amemtambua kaka yake mochwari, sura imetakata kabisa, na hadi leo hajauona huo ubora.

Basi likasimama kwenye kizuizi cha askari. Wote wakateremka na vitambulisho mkononi. Katika foleni, Hiba akamsikia yule mama akimuuliza fundi kwa sauti ya chini, "Na hiyo picha, mutu mwingine anaweza kuifuta?"