Alhamisi ya Kusema Sijui

Ndugu zangu, munipe ruhusa niongee nikisimama, na nikianza kutembea hapa mbele, musinishangae. Kiti kinanichoma tangu utoto. Mama yangu alikuwa ananituma kuteka maji hata kama pipa limejaa, ili tu nitoke mbele ya macho yake apumue kidogo. Niko hivyo, na leo ni mbaya zaidi juu ya kuona sura za watu walionifundisha.

Wenye hamunijui: mimi ni injenia wa mashini, nafundisha hapa hapa kwenye iniversite yetu, na kwetu ni Luhwindja, kule kwenye zahabu. Biro hii ya kusaidia watafiti imeniomba nitoe ushuhuda kwenu ninyi munaoanza kuandika maombi ya feza ya utafiti. Sitataja jina la mutu. Mwenye atajitambua ajicheke kimya kimya.

Nianze na dada yangu mukubwa, Yaya, maana bila yeye hakuna kitu cha kushuhudia. Yaya ni twangeuse. Munajua ile kazi: wanaume wanatoa mawe shimoni, wanamama wanayatwanga kwenye kinu cha chuma mpaka yanakuwa unga, ndipo unaoshwa watafute zahabu ndani. Yaya alianza kutwanga baba yetu alipokufa. Minerval yangu yote, ile feza ya masomo, ilitoka kwenye kile kinu. Mimi nilikuwa Bukavu najifunza ugumu wa vyuma na mawe kwenye ubao, yeye alikuwa mulimani anaupiga kwa mikono.

Na lile vumbi, ndugu zangu. Linakaa kwenye nyusi, kwenye kitambaa, kwenye mutoto mugongoni. Mwisho linakaa kifuani. Yaya alianza kukohoa nilipokuwa karibu kumaliza masomo, akasema ni baridi ya mulima. Nilipoanza kufundisha, ile baridi ilikuwa haijaisha. Nilimwambia aache. Akanijibu kwa simu:

"Niache, nikule nini? Batoto yangu bakule diplome yako?"

Nikamwambia nitamuletea mashini ya kusaga. Hapo akakasirika kabisa. Kumbe zamani proje fulani ilishaleta mashini kule kwao, na kabla ya mvua kuisha wanaume walikuwa wameishika, wanamama wakafukuzwa kazini. Mashini iliharibika, hakuna mwenye kuitengeneza, wanamama wakarudia vinu vyao.

"Usiniletee mashini ya kunifukuza," akasema. "Leta kintu yenye itanilinda kifua, na kazi yangu ibakie yangu."

Ndiyo yote niliyoyataka duniani: Yaya atwange na apumue. Nilikuwa na wazo tayari, kinu chenye kifuniko, maji yanadondoka ndani polepole, vumbi linalala. Vyuma vya kutengeneza ningevipata sokoni Kadutu. Lakini kupima vumbi kunataka vyombo ambavyo mushahara wa asistanti hauvioni hata kwa ndoto. Kwa hiyo nikaandika maombi.

Sasa mucheke, maana hapa munajiona. Bukavu nani hajui kuandika proje? Kila nyumba iko na mutu aliyefanya kazi na ONG, yale mashirika ya misaada, hata mutoto wa kwanza sekondari anaweza kukuandikia "wanawake walio katika mazingira magumu". Nikaandika vita. Nikaandika umaskini, wajane, barabara mbovu. Nikaahidi mafunzo, nikaahidi kugawa vinu vyenye kifuniko, nikaahidi mpaka banderole za kutundika na tishati. Nilipomaliza nilijihurumia mwenyewe nikatokwa machozi. Bailleur, yule mwenye feza, alijibu kwamba anashukuru sana kwa shuguli hii nzuri ya maendeleo, lakini yeye anatoa feza ya sayansi.

Sawa. Nikasema wanataka sayansi, watapata sayansi. Maombi ya pili niliyaandika vile tunavyotetea mémoire ya kumaliza masomo mbele ya jury: kila tundu limezibwa, kila swali liko na jibu lake linangojea mulangoni. Kifuniko kinapunguza vumbi, najua. Maji yanalaza vumbi, najua. Professeur wangu mumoja akayasoma akasema, "Hapa hata sisimizi hapiti." Nikajisikia mukubwa. Papa professeur, usigeuke, sijakutaja.

Jibu likanikuta sokoni Kadutu, niko nachagua bilinganya. Nikafungua simu. Waliandika kwa upole kabisa: kama haya yote yanajulikana tayari, utafiti ni wa nini?

Nilirudisha bilinganya, nikapanda mulima kwa miguu. Nilipofika nyumbani sikuweza kukaa, nikashuka tena. Mume wangu aliniuliza unaenda wapi, nikasema naenda kununua bilinganya.

Ndugu zangu, nawaambia, kuanguka hakufanani kwa watu wote. Iko mwenye anaanguka analala. Mimi nilianguka nikitembea. Nilianza somo nikaliacha katikati. Nilifungua labo nikaifunga. Nikawaambia wanafunzi wangu utafiti ni muchezo wa watu wa inchi zingine, sisi tufundishe tu vitabu vya zamani tungoje retraite ya uzee. Ni maneno mabaya kumwambia kijana, na niliyasema kwa sauti.

Halafu Yaya akashuka Bukavu kwa ajili ya munganga. Alikaa kwangu. Munganga alisema kifua kimeingia vumbi la mawe, asirudi kwenye ile kazi, akampa dawa ya kutuliza. Usiku na mchana nilisikia kile kikohozi kupitia ukuta, na mimi, injenia, dada yake, nilikuwa natafuta sababu ya kutoka. Sikuweza kukaa naye chumba kimoja. Nilimupenda mpaka nikamkimbia. Masomo yalipokaribia kufunguliwa akafunga kitambaa chake, akasema batoto banahitaji maunifomu, akapanda gari akarudi kutwanga. Sikumuzuia. Ningemuzuia na nini?

Wiki ile nikakubali kazi kwenye ONG moja. Gari ya jipu, mushahara mzuri, na hakuna mutu wa kuniuliza utafiti ni wa nini. Ilibaki tu nije hapa iniversite kuchukua attestation yangu ya kazi, niwapelekee, nisaini.

Nilikuwa nashuka ngazi na karatasi mukononi nikakutana na maman anayeongoza biro hii. Wakati ule biro ilikuwa mupya, chumba kidogo pembeni ya maktaba, wengi wetu tulidhani ni mahali pa kufotokopia. Alikuwa anajua maombi yangu mawili, sijui nani alimwambia, Bukavu haifichi kitu. Akaniambia:

"Maman injenia, uko naenda, wende na amani. Lakini njoo kwanza Alhamisi. Alhamisi moja tu. Ukiona ni bure, utaenda na jipu yako."

Nikaja, na niwaambie ukweli, nilikuja kwa hasira. Nilitaka kusema mambo, halafu nifunge mulango kwa nguvu.

Munajua sheria ya Alhamisi, ninyi mutaipitia. Unasimama mbele ya watu wa fakilte zingine, watu wa kilimo, waganga, watu wa hesabu. Husomi kitu. Na neno lako la kwanza linapashwa kuwa "sijui".

Mimi nikasimama nikasema, "Najua kwamba vumbi la quartz..."

Maman akagonga meza. "Kaa. Anza tena."

Nikasimama. "Tunajua wote kwamba wanawake wa..."

"Kaa. Anza tena."

Watu wakacheka. Ninaona mumoja alicheka sana siku ile, iko pale nyuma, na wiki iliyofuata zamu yake ilipofika hakucheka tena. Na nani alikuwa amekaa mustari wa mbele? Yule professeur wangu wa sisimizi. Ndugu zangu, sisi tumelelewa vipi hapa? Mbele ya jury, "sijui" ni kuvua nguo. Mwanafunzi anaona heri aseme uongo mrefu kwa Kifaransa kizuri kuliko kusema "sijui" fupi. Tunawafundisha batoto kuuliza si ujinga, halafu sisi wenyewe, tukishapata cheo, hatuulizi kitu mpaka kaburini.

Nikasimama tena. Nikatazama dirisha, nikasema:

"Sijui kama maji yanasaidia."

Maman hakugonga meza. Nikaendelea, na nilipoanza sikuweza kuacha:

"Sijui kama vumbi lenye kuonekana ndilo linaua, ao ni lile lenye halionekani. Sijui kama mwanamuke anaweza kutwanga siku nzima na kifuniko bila kuchoka mara mbili zaidi. Sijui. Nilisema najua, sijui kitu. Na sijui kama nimechelewa kwa dada yangu."

Hapo nikalia, mbele ya watu wa hesabu. Hata kitambaa cha kufuta pua sikuwa nacho. Maman akainuka, akaandika ubaoni maneno yangu, kila "sijui" na mustari wake, isipokuwa ile ya mwisho. Akafuta chaki mikononi, akasema polepole, "Ile ya mwisho ni yako na Mungu. Hizi tatu, tutaziombea feza."

Yale maneno ndiyo yalinisimamisha. Maombi ya tatu yalikuwa yale maswali ya ubaoni na namna ya kuyajibu, basi. Professeur wangu alitoka bila kuniaga, akanuna musimu wote wa mvua, lakini barua ya kuniunga mukono aliiandika yeye, tena bila kuombwa. Papa, aksanti. Maman alitafuta wenzetu wa ngambo wa kutuazima chombo cha kupima vumbi. Mutu wa lugha akanisaidia Kiingereza. Siku ya kutuma, umeme ukakatika mji muzima, tukabeba ordinateri, kompyuta yetu, mpaka kwa masista wenye sola, tukatuma tukisimama kwenye baraza lao, mimi nikizunguka ua mpaka sista mumoja akaniuliza kama ninaumwa tumbo.

Feza ilitoka. Nilipiga kelele ofisini, wengi wenu mulisikia. Ile kazi ya jipu nikaiacha. Lakini sikukuja kuwaambia feza ilitoka. Nimekuja kuwaambia tulichokuta.

Kifuniko cha kwanza tulimupa Yaya ajaribu. Alitwanga kidogo, akakitoa, akakitupa kando. "Hii ni chungu ya kupika mutu!" Tukabadilisha. Kisha tukapima. Maji yalilaza vumbi, kinu kikawa kisafi, wanamama wakashangilia, na mimi nikashangilia nao. Halafu tukaangalia kile chombo. Vumbi lenye kuonekana lilikuwa limelala. Lile dogo, lenye halionekani, lenye linashuka mpaka chini kabisa ya kifua, bado lilikuwa hewani, karibu kama zamani.

Muelewe ninachowaambia. Kama yale maombi yangu ya kwanza yangekubaliwa, leo ningekuwa nimegawa vile vifuniko kote Luhwindja, na tishati juu. Wanamama wangetoa vitambaa kwenye pua zao, juu ya kutoona tena vumbi, wangepumua kwa nguvu. Ningewaua kwa roho nzuri. Kila nikiwaza hivyo nashindwa kukaa, ndiyo maana munaniona hivi. Sasa tunajaribu namna ingine, ya kuvuta hewa pembeni. Iko na matumaini. Iko pia na matatizo.

Kwa hiyo somo langu ni fupi. Musiombe feza ya kile munachokijua, na musiuze machozi ya mama zenu, hata kama ni ya kweli. Tafuta kile hujui, kile kinakuuma, ukiseme mbele ya watu kwanza, ndipo ukiandike. Na musikae peke yenu na jibu baya mukononi. Chumba ni kile pembeni ya maktaba, muingie tu.

Aksanti kwa maman wa biro, aliyenikalisha mbele ya watu. Aksanti kwa mume wangu, aliyekula sombe, majani ya muhogo, miezi mingi bila kuuliza bilinganya ziko wapi. Aksanti kwa wanamama wa Luhwindja wanaotwanga na mipira yetu ya kupima hewa imefungwa kifuani, wakituita mafundi wa upepo.

Na Yaya? Nilikuwa kule juzi. Sasa anatwanga nusu siku, nusu anatusaidia kupima, lakini kikohozi kiko. Tulikuwa tumekaa, ndiyo, mimi pia nilikaa, akaniuliza bila kuzunguka:

"Weye mwenye ulisoma. Nitapona?"

Ningeweza kumupa Kifaransa kizuri. Nikamwambia, "Yaya, sijui."

Halafu akachukua mutwango wake.

"Sasa ndjo unaniambia kweli," akasema. "Fungia mimi ile mupira, tuendelee."