Seva ya Chumba cha Baba

ERNESTA: Haloo! Nani mwenzangu?

ZEPHANIA: Shikamoo dada. Ni Zefa.

ERNESTA: Marahaba. Mbona naona namba ya duka?

ZEPHANIA: Napiga kwa seva yenyewe ya simu za duka, kwa intaneti ya dishi! Simu ya mkononi huku Vudee haishiki kabisa leo. Unanipataje?

ERNESTA: Unakwaruza. Kwani umeshaifunga? Si tulisema tupange kwanza iwekwe wapi?

ZEPHANIA: Tupange nini tena? Hapo dukani Same joto litaiua. Kukodi nafasi Dar—

ERNESTA: Dar ndiko salama.

ZEPHANIA: —wenye nafasi watulie kivulini, sisi tuwalipe! Huku baridi ya bure, sola ipo, chumba cha marehemu baba kitupu. Mteja wa tangawizi akipiga kutoka popote, anapokelewa mlimani. Bosi wewe!

ERNESTA: [anacheka] Haya, fundi. Hiyo mvua bado inanyesha tu?

ZEPHANIA: Imekata tangu asubuhi.

ERNESTA: Sasa hayo maji ninayosikia?

ZEPHANIA: Maji ga— Aa. Yanapita chini ya mlango. Kidogo tu.

ERNESTA: Meupe?

ZEPHANIA: Ya matope. Ngoja niipandishe seva mezani.

ERNESTA: Zefa, nani kafungua ndiva leo?

ZEPHANIA: Dada—

ERNESTA: Mvua usiku kucha, bwawa zima limejaa juu ya hiyo nyumba. Zamu ya nani kulifungulia maji?

ZEPHANIA: Yetu. Nilianza na nyaya kulipopambazuka, nikasema nikimaliza tu—

ERNESTA: Toka.

ZEPHANIA: Ule ukuta wa ndiva kina babu waliujenga kwa mawe, hauwezi—

ERNESTA: Toka humo! Pandisha kwa majirani, kina Asheri, usishuke bondeni!

ZEPHANIA: Naichomoa kwanza. Namba za wateja wote zimo humu.

ERNESTA: Iache!

ZEPHANIA: Nyaya mbili tu, dada. Nikichomoa simu itakatika, usishtuke. Nikifika kwa Asheri nakupigia.

ERNESTA: Kwa simu ipi? Si umesema ya mkononi haishiki?

ZEPHANIA: [anasukuma] Mbona mlango umekuwa mzito.

ERNESTA: Zefa. Dirisha.

ZEPHANIA: Unasikia? Kama lori linapanda huku nyuma.

ERNESTA: Nyuma ya nyumba lori litapita wapi?

ZEPHANIA: Basi ngoja nicho—

[Mkwaruzo. Kimya.]

ERNESTA: Haloo? Umechomoa, eeh? Zefa? Sema ni wewe umechomoa.