Candelaria Diego Pascual na Watoto wa Pajaw

Padre wetu, wazee wetu, ninyi mlioshuka kutoka Pajaw na ninyi mliopanda kutoka bondeni, familia ya Lucas inawasomea maisha ya mpendwa wetu Candelaria Diego Pascual, ambaye leo ametulia mbele yetu, jambo ambalo wengi wenu hamkupata kuliona alipokuwa hai.

Candelaria alizaliwa tarehe 4 Februari 1975 hapa San Gaspar Yichwitz, mtoto wa pili wa mzee Diego Pascual na mama Eulalia. Akiwa na miaka saba, vijiji vyetu vilipochomwa wakati wa vita, alivushwa mpaka kwenda Meksiko, akasoma chini ya turubai katika kambi za wakimbizi huko Chiapas, akamaliza sekondari Comitán, akarudi na wazazi wake mwaka 1995, akiwa tayari na ile tabia ya kuinuka katikati ya chakula kwenda kuchungulia mlangoni, hata mama yake akawa akimkemea, "Kaa basi, mwanangu, hata mbwa hukaa akila!"

Tarehe 2 Machi 1998 aliajiriwa kituo cha afya cha Yichwitz kuwa karani wa takwimu, akipokea taarifa za kila mwezi kutoka zahanati zote za mlimani na kuzijumlisha kabla ya kupelekwa makao makuu. Tarehe 12 Mei 2001 alifunga ndoa na Gaspar Lucas, dereva wa gari la wagonjwa, wakajaliwa watoto wawili, Micaela na Andrés.

Mwaka 2009 taarifa ya robo ya kwanza ilionyesha kwamba chanjo ya kifaduro imewafikia asilimia mia moja na nne ya watoto. Mganga mkuu, Daktari Evelio Monzón, akaagiza bata mzinga achinjwe, watu wakala na kupongezana, Candelaria peke yake hakugusa sahani, akauliza mbele ya wote, "Daktari, hao waliozidi mia ni watoto wa nani?" Naye akamjibu, "Doña Candelaria, hata furaha huiwezi? Tuma taarifa."

Hakuituma, kwa sababu alikuwa amekwisha kuona kwamba watoto wa mjini waliandikwa kliniki wakaandikwa tena sokoni siku ya kampeni ya chanjo, na kwamba sensa iliyotumika ilifanyika kabla wakimbizi hawajarudi, hivyo Pajaw, kijiji cha waliorudi, hakikuwamo kabisa katika hesabu, na mtoto asiyehesabiwa haonekani kuwa amekosa chanjo. Akahamishiwa stoo ya dawa, taarifa ikatumwa na mwingine. Nyumbani akawa anazunguka jikoni, sebuleni, uani, jikoni tena, mpaka Gaspar akamwambia, "Mama Micaela, utachimba handaki humu ndani. Mwenye kituo ni daktari." Akajibu, "Na mwenye mtoto je?"

Jumapili moja ya Juni alipanda Pajaw kwa miguu, akamkuta mama mmoja, Juana Tomás, amempakata mtoto anayekohoa mpaka midomo inageuka buluu, na jirani yake ametoka kuzika wake. Juana akamwuliza, "Redioni wamesema chanjo imeumaliza ugonjwa huu, sasa huyu wangu ana nini?" Candelaria akamfunga mtoto mgongoni, akateremka pamoja na Juana, akaingia nyumbani kwa daktari wakati wa chakula, bila hodi, akamweka mtoto mikononi mwake, akasema, "Msikilize."

Daktari alisikiliza, akaweka kijiko chini, akauliza, "Wako wangapi huko?"

"Hilo ndilo sijui, Daktari, na wewe pia hujui."

Alasiri hiyo hiyo walipanda wote, Gaspar akiendesha hadi barabara ilipokoma. Mtoto wa Juana alipona, wengine watatu walikuwa wamekwisha kuzikwa. Taarifa ikasahihishwa, asilimia ikashuka hadi hamsini na nane, makao makuu wakakasirika, na daktari akaukosa uhamisho wa mji mkuu alioahidiwa, lakini alimrudisha Candelaria mezani pake na hakumlaumu hata siku moja. Aliyejilaumu ni Candelaria, kwamba watoto wale walikufa yeye akipanga maboksi stoo, na tangu hapo kila mwezi alichagua kijiji kimoja, akaenda kulinganisha yaliyoandikwa na yale ambayo akina mama wenyewe wanasema, iwe mvua au jua.

Mwezi Oktoba 2022 alianza kuumwa tumbo, ikagundulika ni saratani, akapasuliwa hospitali ya Huehuetenango mwezi Januari, akaomba kurudi nyumbani. Jumapili iliyopita aliketi ghafla kitandani, akasema, "Nipeni viatu, Pajaw hawajaleta taarifa ya Februari." Gaspar akamwambia imeshafika. Akamkazia macho.

"Umeiona, au umeambiwa?"

Gaspar alikuwa ameambiwa. Kesho yake akaenda kituoni, akaomba aonyeshwe, akarudi, akamwambia, "Nimeiona kwa macho yangu, mke wangu." Ndipo Candelaria akajilaza, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Huehuetenango, wafanyakazi wenzake wa kituo, Daktari Monzón aliyesafiri usiku kucha kuja kumzika, majirani mliokanda unga wa tamali, mikate ya mahindi tuliyokula msibani, na akina mama wa Pajaw mliobeba jeneza zamu kwa zamu na kukataa kupokewa.

Candelaria, miguu yako imetosha. Waliobaki nje ya hesabu tutawafuata sisi, wewe pumzika.