Mwisho wa Wimbo wa Mlima: Maisha ya Muharami Mwinshehe, 1987–2025

Wasifu uliosomwa na mjomba wake, Mrisho Mwinjuma, kwenye hitma, Fukayosi, Jumapili tarehe 16 Novemba 2025

Ndugu na majirani mliofika, mlioketi mkekani na mliobahatika viti, tunayemsomea leo ni Muharami, mtoto wa marehemu Mzee Mwinshehe na Bi Habiba Mwinjuma. Alizaliwa hapa hapa Fukayosi tarehe 2 Septemba 1987, ndani ya mwezi wa Muharamu, kwa hiyo baba yake hakusumbuka kutafuta jina. Walizaliwa wawili tu, yeye na mdogo wake Mwaija.

Alipofika miaka mitano, mikono na miguu yake ilianza kuvimba na kumuuma kila baridi ilipoingia. Watu walisema mengi. Mjomba wake, huyu anayewasomea, alisema hayo yametoka upande wa baba. Hospitali wakasema ni selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto huupata kwa baba na kwa mama sawasawa, na mjomba akahamia habari nyingine. Daktari alimwambia Bi Habiba asiweke matumaini zaidi ya miaka ishirini, na mtoto mwenyewe alikuwa amepakatwa pale pale.

Walipotoka nje akauliza, "Mama, ishirini ni nyingi kuliko kumi?"

"Nyingi, baba."

"Basi nitaanza na hizo."

Alianza darasa la kwanza hapa kijijini mwaka 1995. Mwaka 1997 alihamishiwa Bagamoyo mjini, Magomeni, kwa mjomba wake huyu, ili awe karibu na hospitali. Mjomba wakati huo alikuwa tayari kiongozi wa kikundi cha matarumbeta cha Shaba Njema, na kuanzia Bagamoyo hadi Chalinze hakuwa na mpinzani. Anayesema yupo, alete jina. Muharami alimaliza la saba mwaka 2001 na kidato cha nne mwaka 2005. Kidato cha pili alikosa siku nyingi kuliko alizohudhuria na bado akafaulu. Mjomba wake, aliyehudhuria siku zote mpaka la tano bila kufaulu mtihani hata mmoja, hajalielewa jambo hilo mpaka leo.

Njia ya kwenda shule ilipita mbele ya banda la gemu la Mzee Sharifu. Wenzake waliingia kucheza. Muharami vidole vilimvimba akibonyeza pedi kwa muda, kwa hiyo yeye aliingia kusikiliza. Alikaa pembeni, mgongo kwa televisheni, akawa anawaambia wanaocheza wamefika wapi kwa kusikia muziki tu. Mzee Sharifu alimfukuza mara mbili akidhani anapiga ramli, mara ya tatu akampa kigoda.

Karatasi za majina zilikuwa zimebanduka kwenye zile kaseti za gemu, naye akazipa nyimbo majina yake mwenyewe. Alizozipenda kuliko zote ni tatu, na kila aliyemjua alilazimika kuzisikia, kwa hiyo hakuna sababu ninyi mpone.

Wa kwanza aliuita wa Majini. Ulipigwa mchezaji anapozama kwenye pango chini ya bahari, ukienda taratibu kama mtu anayepumua usingizini. Alisema huo ulimfundisha kutokupigana na maumivu yanapoanza. Wa pili ni wa Chumba. Ulitoka kwenye gemu moja la kutisha lenye nyumba iliyojaa wafu wanaotembea, na ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na chumba kimoja kidogo ambacho adui haingii. Humo kinanda kilipigwa sauti chache tu, kwa upole, na mchezaji akapumzika.

Wa tatu ni wa Mlima. Mtu anapanda mlima peke yake, upepo unamsukuma nyuma. Wimbo unaanza na sauti moja ya chini kama pembe ya mbali, kisha kila anapopanda inaongezeka sauti nyingine, na katikati ya njia ngoma inaingia. Muharami alisema wimbo huo hauna furaha wala huzuni, una mtu aliyekwisha kuamua. Gemu hilo alilicheza mwenyewe, lakini kilele hakuwahi kukifikia. Ngoma ilipoingia, vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuvimba, na yule mpandaji akaanguka. Wenzake walijitolea kummalizia. Alikataa, na kama kuna aliyekaribia kufika juu, yeye alitoka nje asisikie. Mwaka 2000 mashine ya Mzee Sharifu iliungua pamoja na kaseti ile, na nyingine kama ile haikupatikana tena, hata simu za mtandao zilipokuja.

Kilichobaki ni kanda. Alikuwa ameweka redio ya mjomba wake karibu na televisheni ya banda, bila ruhusa, akarekodi nyimbo zote tatu juu ya kanda ya harusi ambayo mjomba alipiga vizuri kuliko harusi zote za maisha yake. Ushahidi huo umepotea, mtaamini kwa mdomo. Ndani ya kanda kuna muziki, na kuna watoto wanagombana: "Pisha, zamu yangu." Wimbo wa Mlima unakatikia pale mpandaji anapoanguka.

Mwaka 2003 alilazwa mwezi mzima, na redio akaenda nayo. Muuguzi mmoja, Sista Mize, alimkuta anasikiliza wa Chumba na macho yamefumbwa.

"Anaimba nani huyu?"

"Hauimbwi, sista. Ni wa chumba ambacho maadui hawaingii."

Sista alisimama mpaka wimbo ukazunguka mara tatu. Kesho yake alikuja kuiazima redio, akaiweka kwenye kitanda cha pili, kwa mama aliyekuwa amekataa dawa siku nzima. Mama yule alikunywa dawa. Muharami hakujisifu kwa hilo, tabia ambayo hakuirithi kwa wajomba.

Miaka ishirini aliyopewa ilitimia Septemba 2007. Siku hiyo alifunga Sunna, akafuturu, akasema sasa anaanza ya kwake. Mwaka 2009 alifungua banda lake la gemu Magomeni, na pembeni akawa anatengeneza simu na pedi. Banda lilikuwa na sheria mbili: adhana ikilia sauti zote zinazimwa, na baada ya hapo hakuna kucheza bila sauti. Wateja waliteseka. Mtu yuko katikati ya vita, Muharami anamshika bega: "Usimuue huyo kwanza. Sikiliza hapa." Waliolalamika walikuwa wengi, na wote walirudi.

Tarehe 17 Desemba 2016 alimuoa Adila binti Najim wa Makurunge. Mzee Najim alisita, akihofia binti yake atakuwa mjane mapema. Adila mwenyewe alimjibu kwamba na walio wazima wanakufa, ila hawakupi muda wa kujiandaa. Mungu aliwajalia binti mmoja, Hajra, mwaka 2018.

Kabla ya harusi hiyo Muharami alimwendea mjomba wake na ombi moja: Shaba Njema impigie wimbo wa Mlima wakati anasindikizwa kwa bibi harusi.

"Mimi sipigi nyimbo za watoto," mjomba alisema.

"Sitaki zawadi nyingine, mjomba. Nataka niusikie unapigwa na watu."

"Utausikia siku nyingine."

"Siku nyingine ipi? Mazikoni kwetu hakupigwi tarumbeta. Nipigie nikiwa na masikio."

Mjomba alicheka, akampa mbuzi. Kwenye harusi zikapigwa zile zile za siku zote, na Muharami akacheza kwa adabu.

Mwishoni mwa mwaka 2023 figo zake zilianza kuchoka, na kifua kikawa kinambana mara kwa mara. Januari 2024, siku ya Alhamisi, alikuja kwenye mazoezi ya kikundi na ile redio begani, akaketi mbele ya wapigaji, akabonyeza. Hakuomba tena. Alhamisi iliyofuata akaja, na iliyofuata. Akiwa na homa alikuja kwa bodaboda, Adila nyuma amemshikilia. Alhamisi ya tano mpiga ngoma, Farhan, alianza kuufuata ule mdundo bila kutumwa. Mjomba akamtazama vibaya, kisha naye akanyanyua tarumbeta, kwa sababu Farhan alikuwa anaukosea.

Tarehe 22 Juni 2024 Mwaija aliolewa Bagamoyo mjini, na wimbo wa Mlima ukatoka hadharani kwa mara ya kwanza. Ilipangwa kwamba msafara utatembea kwa miguu kumsindikiza bwana harusi, na kama ilivyo desturi ya Shaba Njema, kikundi hakisimami mlangoni mpaka wimbo umalizike. Hapo ndipo wataalamu walipoumbuka. Muziki wa gemu unajizungusha. Ukifika mwisho unarudi mwanzo, na hakuna aliyekuwa amefikiria utakomea wapi. Kikundi kilifika mlangoni kikipiga, kikapita mlango, kikaendelea. Bwana harusi na wazee wake wakafuata, wakidhani ndio mpango. Waliwapita wauza samaki, wakaingia barabara ya Kaole, mashavu ya mjomba yamevimba kama maandazi, mpaka mama wa bibi harusi, yaani Bi Habiba, alipokimbia na kanga mkononi na kumshika tarumbeta.

"Mrisho, unampeleka wapi mkwe wangu?"

Muharami alikuwa juu ya pikapu, amecheka mpaka ameshika mbavu.

"Mjomba, wimbo huo kwenye gemu unakoma ukifika juu, au ukifa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema muziki wote unaujua."

Kuanzia siku hiyo kazi ikawa moja. Muharami aliusubiri mwisho wa wimbo ule tangu ana miaka kumi, na aliamua kwamba hataondoka bila kuusikia. Kila Alhamisi Shaba Njema ilileta mwisho mpya na kila Alhamisi aliukataa. "Huo wa harusi." "Huo wa mkutano wa kampeni." "Huo mzuri, ila mtu wenu hajapanda mlima, ameshuka kwenye gari." Miisho kumi na mmoja ilikataliwa. Mpiga besi alinuna wiki mbili akarudi. Mjomba, ambaye hajawahi kurekebishwa na binadamu, alirekebishwa mwaka mzima na zaidi, na kila Alhamisi alirudi mazoezini.

Oktoba 2025 Muharami aliacha kuweza kuja. Ikawa kikundi ndicho kinakwenda kwake. Alhamisi tarehe 6 Novemba, baada ya alasiri, alitolewa kitanda barazani. Siku mbili alikuwa hajala. Wakapiga kutoka ile sauti ya chini, ngoma ikaingia, wakazunguka mara tatu. Mwisho uliopangwa siku hiyo ulikuwa mjomba ashike sauti ya juu kwa mapigo kumi na sita. Mjomba ana miaka sitini na sita. Kwenye la kumi pumzi ilimwishia, sauti ikapungua, ikakatika. Wenzake, badala ya kumfichia, wakaachia nao mmoja mmoja, kila mtu pale pumzi yake ilipomwishia. Ikabaki ngoma ya Farhan, ikapiga mara nne kwa mwendo wa mtu anayetembea, ikatulia.

Mjomba alianza kuomba radhi. Muharami akainua mkono kumzuia.

"Hapo hapo," alisema. "Farhan kawahi kidogo. Rudieni."

Walirudia. Mara ya tatu hakusahihisha kitu. Alitazama juu ya paa la jirani kama anatazama kitu kilichopo, kisha akamwambia mkewe, "Adila, uji bado upo?" Alikunywa kikombe chote.

Alifariki nyumbani kwake Magomeni, Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka thelathini na minane. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri hapa Fukayosi, pembeni ya baba yake. Wapigaji wote wa Shaba Njema walikuwepo mikono mitupu, na walilibeba jeneza kwa kupokezana kutoka barabarani hadi kaburini bila kuliweka chini.

Ameacha mama, Bi Habiba, mke, Adila, aliye edani, binti, Hajra, dada, Mwaija, na mjomba, Mrisho, aliyeombwa wimbo mwaka 2016 na kuupiga mwaka 2024. Mpwa wake hakuwahi kumlaumu kwa miaka hiyo. Waliosaidia kuandika karatasi hii walishauri maneno hayo yatolewe. Mjomba amekataa, yasomwe.

Mola ampokee Muharami kwa upole, ampe nafasi isiyo na maumivu. Amin.