Mama Selpha Aloo na Mzizi wa Karani

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Asubuhi ilianza na manyunyu na upepo kutoka ziwani, jua likatoka saa nne. Leo Mama Selpha Aloo amestaafu baada ya kutunza matangi ya samaki katika kituo chetu cha mafunzo hapa Dunga kwa miaka ishirini na minane.

Aliajiriwa mwaka 1997 kufagia ofisi. Tangi la kwanza lilipoletwa aliambiwa alifute vumbi tu. Alifuta, kisha akauliza kwa nini samaki wote wanahema juu ya maji. Hakuna aliyejua. Kufikia Krismasi alikuwa amepata jibu na amekabidhiwa ufunguo wa chumba. Leo matangi ni tisa, na wanafunzi wa shule nyingi za Kisumu wamejifunza kwake kutogonga kioo.

Wageni humkumbuka zaidi kwa ajili ya Karani, kambare mfyonzaji mwenye umri wa miaka kumi na mitatu. Mdomo wake uko chini kama kikombe, naye hujibandika kwenye kioo kama karani dirishani. Samaki wa aina hii hukwangua mti kwa meno na kulala chini yake mchana. Akikosa mti, hukonda. Kuchagua mti wa tangi ni sehemu ya kazi, na hapo ndipo mimi, ninayerithi kazi hiyo, nilipochanganyikiwa.

Mwezi Septemba mzizi wa zamani, uliokwanguliwa kwa miaka kumi na mmoja, ulivunjika vipande. Karani akabaki peupe pembeni mwa tangi, mchana hatulii, tumbo likaanza kuingia ndani. Mama Selpha alisema mti mpya nitautafuta mimi, na kwamba yeye hataondoka kituoni kabla samaki hajalala.

Huwa naandika kila kitu kwa tarehe, kwa hiyo nilipanga kukusanya kanuni zake. Tarehe 9 Septemba alikataa mkalitusi kwa sababu ya harufu. Nikaandika: mti usinuke. Tarehe 16 alikataa kipande cha mbao kisichonuka hata kidogo, kutoka kwa Robinson, seremala wetu. Alisema mbao iliyopakwa dawa ya mchwa haijitangazi. Tarehe 30 nilileta tawi la mpera kutoka Katito. Alilikwaruza kwa ukucha, akaona kijani, akalirudisha. Tarehe 14 Oktoba nilileta mpera mkavu kabisa. Aliubonyeza, kidole kikazama, akautupa. Nilisoma daftari langu upya: mti mbichi haufai, mkavu haufai, unaonuka haufai, usionuka haufai. Nililifunga.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hapa Dunga halitasahaulika. Niliwaza kwamba samaki wa majini anahitaji mti wa majini, nikaleta gogo la orindi, ule mti mwepesi wa kinamasi ambao wavuvi huukata kutengeneza maboya ya nyavu. Nililifunga jiwe, nikalizamisha siku ya Ijumaa. Jumatatu tulikuta gogo linaelea, jiwe linaning'inia chini yake kama nanga, na Karani amejibandika kwenye jiwe.

"Debra!" Mama Selpha aliita. "Unataka kufuga samaki ama kuwavua?"

Robinson ananiita Nahodha tangu siku hiyo.

Tarehe 3 Novemba nilipata mzizi wa mpera Nyalenda, kwenye uwanja wa jirani yake Mama Selpha, mti ukiwa umekatwa miaka miwili iliyopita. Aliukwaruza, akaunusa, akaupima mkononi, kisha akaulamba. 

"Wewe unaonaje, nyathina?"

Miaka yote aliniita Debra. Sikuzoea kuitwa mwanangu. Nikamjibu kwamba kusema kweli sijui.

"Basi chemsha."

Tuliuchemsha siku tatu, tukauloweka wiki mbili katika pipa mpaka ukazama wenyewe bila jiwe. Jana asubuhi tuliuweka tangini, na maji yakageuka rangi ya kahawia. Mkurugenzi wetu, Bwana Fabian, alichungulia.

"Mama, hii imekuwa chai. Wageni watauliza maziwa iko wapi."

"Waambie samaki ndiye aliyeitisha," alijibu, naye akaondoka akicheka.

Hadi jana jioni Karani hakuukaribia. Leo kwenye sherehe hotuba zimesomwa, keki imekatwa, na Mama Selpha hakuonja. Alisimama mbele ya tangi na aproni yake bado kiunoni. Bwana Fabian alitangaza zawadi mara mbili, ndipo akageuka. Alifungua aproni, akaikunja, akanipa mimi kwanza, kisha akaenda kupokea zawadi yake.

Bado sijui alichoonja kwenye ule mzizi. Daftari langu lina kurasa kumi na moja juu ya jambo hili na hazikubaliani. Ila mzizi niliuchagua mimi, na hakuukataa.

Mama Selpha, asante kwa maji safi, kwa subira, na kwa kucheka kabla hujatusahihisha. Tunakuombea afya, majirani wema na asubuhi zisizo na haraka. Nenda ukapumzike. Mwenzako ameingia chini ya mzizi na kulala tangu saa nane na dakika ishirini mchana.