Maisha ya Bi Pole, Aliyefunga Vidonda vya Moto

Ndugu waombolezaji, nimesimama kwa niaba ya familia kusoma maisha ya dada yangu, mimi mdogo wake, fundi viatu, na mtanivumilia nikikwama, maana karatasi hii nimeiandika na kuichana mara tatu.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Pole, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa kwanza kati ya wawili, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yetu, seremala. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1981, sekondari mwaka 1985, akaingia chuo cha uuguzi Januari 1987, na tarehe 2 Aprili 1990 akapangiwa wodi ya majeraha ya moto, ambako wenzake waliomba uhamisho kabla ya wiki kwisha, yeye akakaa miaka thelathini na mitatu.

Jina la Bi Pole alipewa na wagonjwa, kwa sababu bandeji iliyogandana na nyama hakuivuta hata siku moja, aliilowesha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu akingoja iachie yenyewe, hata kama foleni imefika mlangoni na daktari amenuna, kisha akaweka kitambaa chepesi cha shashi chenye mafuta, akafunga, akawakanya ndugu wa mgonjwa wasifunue mpaka siku aliyopanga yeye, kwani kidonda, alizoea kuwaambia, si televisheni.

Tarehe 14 Desemba 1994 alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2016, wakajaliwa binti mmoja, mwalimu, huyu aliyekaa mbele yetu.

Tarehe 3 Juni 2024 sufuria ya maji yanayochemka ilimmwagikia mguu wa kulia, paja hadi kifundo, akauweka chini ya bomba dakika ishirini, akafungwa bandeji hospitalini, na kwa ubishi wake akakataa kulazwa, akaja kwangu, kwa sharti bandeji isiguswe hadi siku ya tano. Hapa familia iliniomba nipite haraka, lakini sipiti. Wageni walikuja kwa upendo, kila mmoja akitaka kuona, shangazi akashikilia kwamba kidonda kinataka hewa, na mimi, niliyesomeshwa na dada huyuhuyu, siku ya pili, akiwa amelala kwa dawa, nilifungua, nikafunga, akaja mgeni mwingine nikafungua tena, na shashi iliponasa nikaivuta. Alishtuka usingizini akaniona nayo mkononi, wala hakunigombeza, na laiti angenigombeza.

Homa ilianza tarehe 6, tarehe 8 tukamrudisha wodi ileile, wauguzi aliowafundisha wakamlowesha na kumfunga polepole kama yeye, huku mimi nimesimama mlangoni na mfuko wa machungwa, sina la kufanya, kwani vijidudu vilishaingia kwenye damu, na tarehe 17 Juni, saa nne asubuhi, alitutoka. Wanasema majuto ni mjukuu, basi mimi ninaye, na nitamlea mpaka nife.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi wa wodi ile, majirani waliotuchotea maji na kutupikia, na wenzake wote wa kazi. Mnaouliza kwa nini jeneza halitafunguliwa mkamwone mara ya mwisho, msimlaumu binti yake, ni mimi niliyekataa. Pumzika kwa amani, dada, hakuna atakayekufunua tena.